Mwanao anataka ngumi? Uliza kwanza siku ya sparingi

Mzazi anayekataa ngumi moja kwa moja huwa anaona picha ya usiku wa pambano: taa kali, mtu yuko chali, refa anahesabu. Kenya wanayo sababu ya kuiogopa picha hiyo. Robert Wangila alileta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, na mwaka 1994 akafariki Las Vegas baada ya pambano la kulipwa. Lakini mtoto wa miaka 11 hapelekwi Las Vegas. Kinachoweza kumuumiza kiko mtaani kwenu: ni jioni ya sparingi, yaani mazoezi ya kupigana wawili wawili, glovu zilizochoka, na mwenzake anayemzidi kilo nane. Hapo hakuna refa wala daktari, na ngumi anazokula hakuna anayezihesabu.

Kwa hiyo jibu langu ni aende, kwa sharti moja. Mazoezi yote ruksa, ngumi ya kichwa mwiko mpaka afike angalau miaka 16. Madaktari ni wakali kuliko mimi. Mwaka 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa tamko la pamoja kupinga ngumi kama mchezo wa watoto na vijana, kwa hoja ambayo sijaona inavyojibiwa: kwenye mpira kugongwa kichwa ni ajali, kwenye ngumi kichwa ndicho kinachotafutwa. Kanuni za kimataifa za ngumi za ridhaa, kwa upande wao, zina makundi ya miaka 13–14, 15–16 na 17–18, kwa raundi tatu. Kuwepo kwa kanuni hakumlazimishi mwanao kupanda ulingoni.

Ubongo unaelea kwenye maji ndani ya fuvu. Ngumi ya pembeni ikitua kidevuni, kichwa kinazunguka ghafla. Fuvu linageuka, ubongo unachelewa, nyuzi zake zinavutika. Mtoto ana kichwa kikubwa ukilinganisha na mwili wake, na shingo nyembamba, kwa hiyo kinazunguka kirahisi zaidi. Kofia ya ngumi inazuia nyusi kuchanika, hilo ni kweli, lakini kuzunguka huko haikuzuii. Wanaume wakubwa wa ridhaa walivuliwa kofia mwaka 2013, na Olimpiki ya Rio 2016 walipigana bila. Mtoto akifikia umri wa sparingi aivae, ila wewe usiifikirie kama helmeti ya bodaboda. Tena si lazima aanguke ndipo aumie. Ngumi ndogondogo, za kila wiki, miaka mitano mfululizo, ndizo zinazoleta deni.

Sasa, mtoto asiyepigwa kichwani anafanya nini jimu? Mengi, na kocha mzuri hana haraka. Mwezi wa kwanza ni miguu: kusimama kwa upana wa mabega, mguu wa mbele umeelekea kwa mpinzani, kisigino cha nyuma kimenyanyuka kidogo, kwenda mbele na nyuma bila kukutanisha miguu. Kamba raundi tatu za dakika mbili, pumziko dakika moja. Kisha jebu, ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, peke yake mbele ya kioo, mkono urudi shavuni ulikotoka. Begi linakuja wiki ya nne au ya tano, padi anazoshika kocha baadaye. Baada ya miezi mitatu wanaweza kucheza mchezo wa kugusana mabega: anayegusa bega la mwenzake kwa jebu anapata pointi. Unafundisha umbali, kukwepa na macho, na hakuna anayeumwa kichwa. Siku tatu kwa wiki, saa moja kila siku, zinamtosha mtoto wa miaka 9 mpaka 12.

Mkono nao una mambo yake. Kinachovunjika mara nyingi ni mifupa ya kiganja chini ya kidole kidogo na kile cha pili yake, kwa sababu mtoto anapiga kwa kuzungusha mkono na kutua na upande wa nje wa ngumi. Atue na fundo mbili za mwanzo, za kidole cha shahada na cha kati, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka. Bandeji ya mita mbili na nusu inamtosha. Ya mita nne na nusu ni ya mtu mzima na itamjaza glovu. Kitanzi kwenye dole gumba, mizunguko mitatu kifundoni, mitatu kwenye fundo za vidole huku ameachanisha vidole, kisha ipite katikati ya vidole, izungushwe dole gumba mara moja, irudi kumalizia kifundoni. Mwambie akunje ngumi: ibane. Akunjue: ilegee. Ncha za vidole zikianza kubadilika rangi au kufa ganzi, fungua uanze upya. Kosa la kawaida ni kukaza akiwa amekunja ngumi tangu mwanzo.

Glovu za jimu zikague mwenyewe. Vaa moja, kisha bonyeza kwa dole gumba la mkono mwingine pale fundo zinapokaa. Ukihisi vidole vyako vya ndani bila shida, sponji imekufa, na hata kama ngozi ya nje inang'aa haifai kitu. Kwa begi, mtoto mwepesi zinamtosha za aunsi 6 au 8 (aunsi ni kipimo cha uzito wa glovu). Siku akifika umri wa sparingi ni 14 au 16, na asishuke kwa sababu "leo zimekosekana". Kinga ya meno iwe yake peke yake. Ile ya kuchemsha inalainishwa kwenye maji ya moto kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, inapozwa kidogo, inang'atwa huku akifyonza na kuibana kwa vidole kwa nje. Akiachama ikadondoka, haijamkaa. Meno ya mtoto yanabadilika, kwa hiyo jaribu hilo lirudiwe kila baada ya miezi michache.

Kabla ya kulipa ada, nenda siku ya sparingi, si siku ya kawaida. Kaa pembeni raundi nne. Angalia wamepangwaje: uzito, umri na muda waliofanya mazoezi, vyote vitatu. Kilo tano kwa watu wazima wakubwa ni jambo dogo. Kwa mtoto wa kilo 35 ni sehemu ya saba ya mwili wake. Sikiliza kocha anasema nini mmoja anapozidiwa. Anayesimamisha na kuwarudisha kwenye jebu tu ni mwalimu. Anayepiga kelele "usiogope, ingia!" anatafuta burudani. Muulize pia anafanya nini mtoto akipigwa kichwani akapepesuka. Jibu la "tunammwagia maji" limeshakujibu.

Jibu unalotaka ni kwamba siku hiyo imeisha kwake. Mtoto aliyetikisika ubongo huuliza swali lilelile mara mbili, hukereka na mwanga, huumwa kichwa, hupata kichefuchefu, au huzubaa tu kama aliyenyimwa usingizi. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, maumivu yakizidi au akiwa mgumu kuamka, ni hospitali usiku huohuo. Usimpe aspirini. Kurudi kuwe kwa ngazi: shule kwanza, kisha mbio nyepesi, kisha begi, na kupigana mpaka daktari aseme. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona ndilo linaloweza kuua kijana.

Kukata kilo haraka ili atimize uzito wa pambano nako kukatae. Mtoto wa jimu anayekimbia amejifunga nailoni, au anayetema mate kwenye chupa, anapunguza maji na si mafuta, na kupigwa akiwa mkavu ni hatari juu ya hatari. Akizidi uzito, apigane daraja la juu au asipigane.

Wasichana: yote yaliyoandikwa hapa ni yaleyale.

Kuna siku kocha atakufuata na habari njema. Kijana ana kipaji, kuna pambano Jumamosi, mwenyeji amekosa mtu wa kilo 42. Ana miaka 13 lakini ataandikwa 15, "ni makaratasi tu". Siku hiyo chukua bandeji zake, kinga yake ya meno na mtoto, mtafute jimu nyingine.