Pilipili chini ya wavu: kumbukumbu ya mradi wangu wa ndani

Haya, wavu nlioutandaza juu ya mipilipili yangu umejaa matawi. Nlikuwa naisubiria sana hii hatua, kila tundu sa hivi lina ncha yake ya kijani imesimama wima na ukiangalia kwa ubavu unaona juu pamekuwa tambarare kabisa, hakuna tawi refu linalojitutumua kumfunika mwenzake. Nimeona niandike yote nlofanya mpaka hapa kabla sijaanza kuvuna, manake mavuno yakianza mtu anakumbuka kilo tu, vile vitu vidogo vya katikati vinapotea na kwenye hii kazi vitu vidogo ndo vyenyewe.

Mpango uko hivi: hema la kuoteshea la mita moja kwa mita moja, taa moja ya LED nyeupe ile bapa, feni ya kutoa hewa juu na feni ndogo chini, na mipilipili minne kwenye ndoo za kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) iliyochanganywa na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za kupitisha hewa). Miwili ni pilipili mbuzi, miwili ni zile ndefu nyekundu. Juu yake nimefunga wavu laini wa bustani wenye matundu mapana ya kupitisha mkono, umelala sambamba na sakafu, na matawi yanalazwa chini ya wavu yatambae kwenda pembeni badala ya kukimbilia taa. Mbinu yenyewe inajulikana zaidi kwa watu wanaolima bangi ndani kwenye nchi ambazo sheria inaruhusu, ila ukiitazama vizuri ni jambo la zamani sana, mizabibu na mikarakara imekuwa ikitandazwa kwenye waya miaka yote. Mimi naipenda kwa pilipili na nitaeleza kwa nini.

Kwanza mwanga, manake hapo ndo kuna kiini cha mradi wote. Wavu hauongezi mwanga hata chembe, taa ni ileile, umeme ni uleule. Kinachobadilika ni nani anaupata. Jani moja tu lenye afya linameza karibu asilimia 80 hadi 90 ya mwanga ule mmea unaoweza kuutumia, kwahiyo jani lililo chini yake linaishi kwa makombo, na la tatu hapo chini linakaribia kula zaidi ya linachozalisha. Mpilipili ukiachiwa ukue unavyotaka unakuwa mrefu katikati, ile ncha ya juu inaungua karibu na taa huku matawi ya pembeni yako gizani yanatoa maua mawili matatu na yanayadondosha. Ukiinua taa kuokoa ncha unawanyima wote. Ukishusha, unachoma mmoja. Ukilaza kila kitu kwenye kimo kimoja hilo tatizo linaisha, unapanga taa mara moja na kila ncha inakuwa umbali uleule.

Kabla ya kufunga wavu nlipima kwa kipima mwanga, mmea ukiwa umesimama. Kwenye ncha ya juu ilikuwa zaidi ya laksi (kipimo cha mwanga kwa jicho la mtu) 40,000, matawi ya chini pembeni hayafiki hata 6,000. Baada ya wavu kujaa, katikati nasoma kama 32,000 na kwenye kona 21,000. Kwa taa nyeupe ya LED ukigawanya laksi kwa kama 67 hivi unapata makadirio ya mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, kipimo cha mwanga ule mmea unaoutumia, yaani katikati ni karibu 480 na kona 310. Nawasha saa 16, kwahiyo hata kona inapata moli kama 18 kwa siku (moli ni mikromoli milioni, hiyo ni jumla ya siku nzima kwa mita ya mraba) na katikati inazidi 27, na pilipili inafurahia sana pale kati ya 20 na 30. Ile kona ndo inanikera kidogo, nimeongeza karatasi ya kuakisi kwenye kuta ikapanda kiasi, ila kona itabaki kona.

Sehemu ya miche sitaikalia sana. Mbegu za pilipili mbuzi zinataka joto, nyuzi 25 hadi 30 kwenye udongo, na hata hapo zinajivuta, ndefu zilishatoka siku nyingi wakati mbuzi bado zimelala. Nlizihamisha kwenye ndoo zikiwa na majani machache ya kweli na hapo ndo mchezo ukaanza.

Sasa kulaza matawi. Hapa kuna sayansi nzuri sana na nataka niieleze vizuri kwasababu ukiielewa hauhitaji mtu wa kukuambia ufanye nini lini. Ncha ya mmea inatengeneza homoni inaitwa oksini, inashuka chini kwenye shina na kuvizuia vile vitumba vilivyo kwenye kwapa za majani visiamke. Miaka ya 1930 Thimann na Skoog walikata ncha za maharage wakaweka oksini pale palipokatwa na vitumba vikaendelea kulala kana kwamba ncha bado ipo, ndo ikawa ushahidi mkubwa. Halafu mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia wakaonyesha kwa njegere kwamba ukikata ncha, kinachofika kwanza kwenye vitumba ni sukari, inafika na vinaanza kuvimba hata kabla oksini haijapungua pale. Yaani ncha ni mlaji mkubwa, ikiondoka chakula kinabaki kwa wengine. Mimi hiyo ilinifungua macho sana, manake inaeleza kwa nini mche wenye njaa ya mwanga ukiulaza hauchipui kwa nguvu, hauna sukari ya kugawa! Kwahiyo naulaza mmea ukiwa na majani mengi mapana yaliyoshiba, siyo mche dhaifu.

Pilipili ina tabia yake nyingine ambayo inaufanya wavu unoge. Shina linapanda, linatoa majani kama 8 hadi 15 hivi kutegemea aina, afu linajimaliza lenyewe kwa ua na kugawanyika panda, matawi mawili au matatu. Kila tawi likifika kifundo kinachofuata linatoa ua tena na kugawanyika tena. Sasa fikiria, kila panda ni ua, kila ua linaweza kuwa pilipili, kwahiyo kuongeza panda zinazopata mwanga ndo kuongeza mavuno, hesabu yenyewe ni hiyo tu. Wavu nimeuweka juu kidogo tu ya ile panda ya kwanza, ukiuweka chini sana unalaza shina ambalo bado halijagawanyika na ukiuweka juu sana panda tatu nne zinapotelea kwenye kivuli.

Lile ua la kwanza kabisa pale kwenye panda ya mwanzo nalitoa. Najua linauma kulitoa, ila likishika tunda mapema linavuta chakula chote na matawi yanasimama kukua wakati ndo kwanza nataka yatambae. Wakulima wa pilipili hoho kwenye mabanda ya kioo ya Uholanzi nao wanalitoa.

Kuhusu kukata ncha, ndefu moja nliikata mapema ikiwa na majani sita na nyingine nikaiacha ijigawe yenyewe. Iliyokatwa imetoa matawi ya chini mengi, laini, yanalala bila ubishi, na imejaza upande wake wa wavu kwa usawa mzuri. Ila imechelewa kutoa maua kuliko mwenzake. Pilipili mbuzi sikukata kabisa, zenyewe zina asili ya kutanuka kama kichaka, kuzikata naona ni kupoteza muda.

Jambo la kuwa nalo makini kuliko yote ni pale kwenye panda. Tawi la pilipili linapinda vizuri katikati ila kwenye maungio linachanika kirahisi mno, unasikia tu ka! Dawa ni kulaza kabla ya kumwagilia na siyo baada, mmea ukiwa umelegea kidogo maji yamepungua kwenye shina basi unapinda kama mpira, ukishanywa unakuwa mgumu na unavunjika. Mkono mmoja unashika panda yenyewe kuilinda, mwingine unapeleka ncha tundu linalofuata, na naipeleka tundu moja tu kwa siku. Siku ya pili asubuhi ncha imeshageuka juu tena yenyewe, unaipeleka tena. Tawi likichanika nusu usilikate, rudisha pande zote mbili zigusane, funga na teipu vizuri, litaunga na mara nyingi linabaki na uvimbe imara kuliko mwanzo.

Muda wa kuacha kulaza pia ni muhimu. Nliacha wavu ulipokuwa karibu theluthi mbili umejaa, ncha zikaachiwa zisimame, manake matawi yanaendelea kunyooka na yenyewe yanamalizia nafasi. Ukingoja ujae wote ndo uache, unapata msongamano.

Chini ya wavu nimesafisha. Majani yote ambayo hayaoni taa yametoka, kidogo kidogo siyo siku moja, pamoja na vile vichipukizi vyembamba ambavyo havitafika juu kamwe. Hii siyo urembo. Majani mengi yamelala kwa usawa mmoja yanafanya kama blanketi, hewa ya chini inakuwa nzito na yenye unyevu, ukungu wa unga unapenda, vidukari wanapenda zaidi. Vidukari walikuja kweli, walijificha chini ya majani machanga, nikawaosha na maji ya sabuni laini taa ikiwa imezimwa na kurudia kila baada ya siku chache mpaka wakakoma. Ubaya wa wavu ni huo, hauwezi kuutoa mmea nje ukaugeuza ukauangalia, uko pale mpaka mwisho, kwahiyo ukaguzi unafanya kwa kupiga magoti na tochi. Na kumwagilia ni kwa mpira mwembamba uliopitishwa mapema, ukiwa na wavu umejaa hauingizi ndoo wala jagi hapo.

Kuhusu chakula nitasema kifupi: kwenye kokopiti naweka pH ya maji (kipimo cha uchachu) kati ya 5.8 na 6.2, na mbolea ya maji EC (kipimo cha ukali wa mbolea kwenye maji) kama 2 wakati wa maua. Kalisiamu naiangalia sana, kwasababu inasafiri na maji na maji yanafuata majani yanayopumua, tunda lenyewe halipumui sana, kwahiyo hewa ikiwa nzito na umwagiliaji ukiwa wa kurukaruka tunda linakosa na linaoza kitako. Feni ya chini inasaidia hapo kuliko kuongeza chupa nyingine ya mbolea, huo ndo msimamo wangu.

Maua sasa. Pilipili haijali urefu wa mchana kama mimea mingine, haihitaji kubadilishiwa saa za taa ili itoe maua, na hiyo ni raha kubwa. Inachojali ni joto. Usiku ukizidi nyuzi 24 hivi au mchana ukapita 32, maua yanadondoka, na usiku ukishuka chini ya 15 chavua inakuwa dhaifu. Kwahiyo taima yangu inawasha taa jioni mpaka asubuhi, hewa ya nje ikiwa ya ubaridi, na giza la mmea linaangukia mchana. Hapo inabidi uchunge chumba kisichemke mchana, ila kwangu joto la taa ndo lilikuwa tatizo kubwa zaidi na limeisha.

Kitu ambacho sikukitegemea na kimenifurahisha mno ni uchavushaji. Ua la pilipili lina dume na jike humohumo, linahitaji mtikiso tu chavua iangukie panapotakiwa, na kwasababu matawi yote yameegemea wavu mmoja, ukiugonga kwa kidole mara chache hema zima linatikisika kwa pamoja. Nafanya hivyo saa chache baada ya taa kuwaka. Pilipili mbuzi zinatoa maua mawili mpaka manne kwenye kifundo kimoja na upande wao umeshika matunda mengi mno, vishada vinaning'inia chini ya wavu huku majani yako juu yanapata mwanga. Ndefu zinatoa moja moja kwa kila kifundo, zinaenda taratibu, ila matunda ni marefu na yamenyooka.

Kilichobaki sa hivi ni kuzuia tamaa. Ncha mpya zinazochomoza juu ya wenzake nazibana kwa vidole zisivuruge usawa, na nimeacha kabisa kugusa matawi yenye matunda. Tangu ua kushika mpaka kuwa jekundu ni wiki nyingi, mbuzi ndo zinachukua muda zaidi, kwahiyo kuvuna kutakuwa kwa awamu. Nimefunga uzi wa rangi kwenye wavu kutenganisha matundu ya katikati na ya kona, na nitapima uzito wa kila upande peke yake. Kama kona zitakaribia katikati basi taa inabaki ilivyo, zikiachwa mbali naongeza vitaa viwili vidogo kwenye kona kabla ya kuotesha tena, na safari ijayo hema lote litakuwa pilipili mbuzi.