Buibui wa Kukaa Naye Chumba Kimoja

Mwaka 2019, nilipokuwa nikijiandaa kwenda kusoma Uingereza na kukaa kwa ndugu yangu mdogo mjini Manchester, alinipigia simu kuniarifu kwamba amekusudia kufuga tarantula, yaani buibui mkubwa mwenye manyoya, na kwa kuwa tungelala chumba kimoja, hangemnunua ila yule nitakayemridhia mimi. "Kaka, wewe unayewaogopa ndiwe uchague," alisema. Mama, aliyekuwa akisikiliza pale sebuleni kwetu Kibokoni, Mombasa, akasema afadhali angefuga kuku.

Woga wangu haukuwa wa mzaha. Nyumba zetu za Mji wa Kale zina buibui bapa wa ukutani, asiyejenga utando, ambaye hutoka usiku kuwinda mende, na tangu utotoni nilikuwa nikimwona tu nahama chumba. Nikaamua kuanza na huyo huyo. Usiku baada ya usiku nilisogeza kiti karibu zaidi na ukuta, nikamtazama mpaka moyo utulie, na nikagundua kwamba muda mwingi hafanyi lolote, na mbio zake zote ni za kunikimbia mimi.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa na mambo mengi zaidi. Kwanza nilivutwa na jina, kwani wafugaji wa ng'ambo wana tarantula wanayemnasibisha na Mombasa yetu, Pterinochilus murinus, aliyeelezwa kitaalamu na mwanazuolojia Pocock mwaka 1897. Nani asiyependa kumkuta mtu wa kwao ugenini? Mjomba, mwenye shamba Mtongwe, alinionyesha tundu lililotandwa hariri chini ya mkorosho, makazi ya buibui mkubwa wa jamaa hiyo, akalichokoa kwa chelewa. Buibui alichomoka, akainua miguu ya mbele, akatoa meno, na kabla sijapiga hatua ya kurudi nyuma alikwisha kutoweka tunduni. Tarantula wa Afrika na Asia hawana zile nywele za kuwasha ambazo wengi wa mabara ya Amerika huzipukuta tumboni kwa miguu ya nyuma wanapoudhiwa. Kinga yao ni mbio na meno, na sumu ya huyu wa kwetu huleta maumivu makali na kukakamaa misuli. Mgeni wa ufugaji hamfai, hata awe jirani.

Nikageukia wa Amerika, ambao wengi wao ni wazito wa mwendo na sumu yao ni hafifu, ingawa nywele zao zikiingia machoni ni balaa. Yule wa Meksiko mwenye magoti mekundu ni mzuri kupita wote, lakini ni mwepesi wa kupukuta nywele. Yule wa Chile ni mpole, ila anaweza kukaa miezi bila kula, na ndugu yangu, ambaye mafua tu humpigia mama simu, hangeyastahimili hayo. Nilimridhia Tliltocatl albopilosus wa Honduras na Nikaragua, mwenye nywele za kujikunja, mlaji mzuri, asiye na makuu.

Masharti niliyaandika. Awe jike mchanga aliyezaliwa kwa wafugaji, asiyetolewa mwituni, na ndugu yangu ajue kwamba jike huweza kuishi zaidi ya miaka 20, ilhali dume hafiki mbali baada ya kukomaa. Sanduku liwe pana kuliko kwenda juu, kwa sababu tarantula akianguka tumbo huweza kupasuka, na ndani kuwe na kibakuli cha maji na makumbi ya nazi ya kuchimba. Hayo makumbi, ambayo Mtongwe huwashiwa moto, kule huuzwa dukani kwa paketi! Tena asishikwe mkononi, na akilala chali asiguswe, maana huwa anajivua ngozi.

Ndugu yangu alikubali yote. Nilipofika Manchester nilikuta ndiye kweli, kila kitu kimewekwa nilivyotaka, na kazi ya kumlisha nikakabidhiwa mimi, kwa kuwa mwenye buibui hakuweza kabisa kushika nyenje.