Usiku wa Ndundu

Habari ya kifo cha babu ilitufikia Mbagala alfajiri, Aprili 1998, na kabla ya saa mbili asubuhi mimi na mama tulikuwa ndani ya basi la Lindi. Mama alitumaini kwamba ndugu zake wangemweka baba yao hadi kesho yake ili awahi kumzika.

Barabara ya kusini, itokayo Dar es Salaam kupitia Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, Nangurukuru na Lindi hadi Mtwara, wasafiri wa wakati huo waliihesabu kwa siku. Mto Rufiji haukuwa na daraja; magari yote yalivushwa kwa pantoni pale Ndundu, nasi tulipofika giza lilikwisha kuingia na pantoni ilikuwa imefungwa. Tulilala kwenye foleni ya malori. Mama hakusinzia, aliketi chini ya mwembe akivuta tasbihi, na mama mmoja muuza samaki, aliposikia kwamba tuna msiba, alitupa vipande viwili vya kambare akakataa pesa.

Daraja lilikuja kufunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa karibu mita 970, likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwenyewe mtu wa Masasi. Siku nilipolivuka mara ya kwanza sikuweza kusema na mtu, kwa kuwa basi lilimaliza kwa muda mfupi sana kile kilichotugharimu usiku mzima.

Lakini mto ulikuwa nusu tu ya taabu. Baada ya kuvuka asubuhi ile, zilitungoja kilomita 60 za kutoka Ndundu hadi Somanga, kipande ambacho kilibaki bila lami miaka mingi hata baada ya daraja kukamilika. Udongo ule ukilowa hunata magurudumuni, na karibu na Nyamwage basi letu lilizama hadi ekseli. Wanaume walikata matawi na kuyatandika, wanawake wakashuka na watoto, tukasukuma, tukapumzika, tukasukuma tena hadi jua likazama.

Tuliingia Lindi siku ya tatu, adhuhuri. Mjomba alitupokea mlangoni, akamwambia mama kwamba walimsubiri hadi alasiri ya siku ya pili, kisha maiti haikuweza kungoja zaidi. Mama, ambaye tope la Nyamwage lilikuwa bado limemkaukia miguuni, alijibu neno moja tu:

“Njia.”