Treni kati ya miji, gari mashambani: nilivyoigawa safari yangu ya kwanza Italia

Swali la "treni au gari la kukodi" halijibiki kwa safari nzima. Linajibika kipande kwa kipande. Ratiba yangu ilikuwa Roma, Firenze (Florence) na Venezia (Venice), na katikati vijiji vya Val d'Orcia kusini mwa Siena. Niliandika kila kipande kwenye mstari wake, kisha nikauliza mambo mawili: stesheni iko umbali gani na mahali pa kulala, na gari litalala wapi. Kwa miji mitatu jibu lilikuwa treni bila ubishi. Kwa vijiji jibu likageuka.

Chukua Roma hadi Firenze. Treni ya mwendokasi hutumia kama saa moja na nusu kutoka stesheni ya Termini hadi ya Santa Maria Novella, na ukishuka unatembea kwa miguu hadi kanisa kuu. Kwa gari ni kilomita zipatazo 280 kwenye barabara kuu ya A1, saa tatu au zaidi, ada ya barabara karibu euro 20, na mafuta juu yake. Ukifika, unaanza kuhangaika na maegesho katika mji ambao katikati yake mgeni haruhusiwi kuingia na gari. Venezia ndiyo kabisa: barabara inaishia Piazzale Roma, na kuanzia hapo ni miguu na boti. Gari utakuwa unalilipia maegesho ghali likae tu.

Njia hizo za mwendokasi zina kampuni mbili, Trenitalia yenye treni za Frecciarossa, na Italo, zote zikipita reli zilezile. Linganisha bei za zote mbili kwa saa ileile kabla ya kulipa, na nunua mapema, maana bei hupanda kadiri siku inavyokaribia. Tafuta miji kwa majina ya Kiitaliano: Firenze, Venezia, Napoli. Kisha angalia stesheni yenyewe. Venezia Mestre iko bara, Venezia Santa Lucia ndiyo iliyo kisiwani, na kati yake ni kama dakika kumi za treni kwenye daraja juu ya maji. Ukiona tiketi ya Mestre ni nafuu kidogo, hesabu na nauli ya kuvuka.

Tiketi ya mwendokasi imefungwa kwa treni moja, behewa moja na kiti kimoja. Zile za bei ya chini kabisa zina masharti magumu ya kubadilisha na kurudishiwa pesa, kwa hiyo usiinunue kwa ajili ya siku ileile unayotua na ndege. Kwa siku ya kutua mimi hupendekeza tiketi inayobadilishika, hata kama ni ghali zaidi. Ndege ikichelewa, tiketi ya nafuu inakuwa karatasi tu.

Treni za mikoani, Regionale, zina kanuni tofauti. Bei yake haipandi, na hakuna haja ya kuwahi kununua. Kinachowaponza wageni ni tiketi ya karatasi: lazima uigonge muhuri kwenye mashine ndogo iliyoko stesheni kabla ya kupanda. Tiketi ya simu nayo ina hatua yake ya kuthibitisha safari kwenye programu au kwa kiungo unachotumiwa. Usipofanya hivyo, mkaguzi anaweza kukutoza faini, na maelezo ya "mimi ni mgeni" ameshayasikia sana.

Pale Termini kuna jambo linalowachanganya wengi. Ubao mkubwa hauonyeshi mji unaoshukia wewe, unaonyesha mwisho wa safari ya treni. Ukienda Firenze, ubao unaweza kuandika Venezia, Milano au Torino, na Firenze ikawa kwenye maandishi madogo yanayopita. Shika namba ya treni iliyo kwenye tiketi, hiyo ndiyo uitafute. Namba ya jukwaa, chini ya neno "binario", mara nyingi hutokea dakika chache tu kabla ya kuondoka, na watu wote huanza kutembea kwa mkupuo. Kwenye lango la kuingia majukwaani utaonyesha tiketi. Ukishafika kwenye jukwaa, tafuta namba ya behewa, "carrozza", iliyo kando ya mlango. Treni ni ndefu, na kuburuta sanduku ndani kutoka behewa la 2 hadi la 9 ni adhabu. Usitegemee mpagazi. Sanduku usiloweza kulipandisha ngazi tatu mwenyewe ni kubwa mno kwa safari hii.

Sasa gari. Kwa Val d'Orcia nililiona halina mpinzani: Pienza, Montalcino na San Quirico hazina stesheni yenye maana kwa mgeni, na mabasi ni machache. Siena peke yake haihitaji gari, basi la haraka kutoka Firenze linatosha na linakushusha karibu na mji mkongwe kuliko treni.

Chukua gari uwanja wa ndege wa Peretola, usilichukue katikati ya Firenze. Tramu ya T2 inafika huko kutoka jirani na Santa Maria Novella kwa kama dakika ishirini, na ukitoka hapo unaingia barabara kuu bila kugusa mji. Sababu ni ZTL, maeneo ya katikati ya miji yanayoruhusu magari yenye kibali tu. Hakuna kizuizi wala askari, kuna kamera inayosoma namba. Alama yake ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na chini yake mara nyingi ubao wa taa: "varco attivo" maana yake kamera inafanya kazi, usiingie. Kila kamera unayopita ni faini yake. Kampuni ya kukodisha itakukata ada ya kutoa jina lako kwa polisi, kisha faini yenyewe inakufuata nyumbani. Kwa mkazi wa nje sheria inawapa polisi hadi siku 360 za kuituma. Ramani ya simu haikulindi. Katika miji midogo acha gari nje ya ukuta: mistari myeupe ni bure, ya bluu unalipia, ya njano si yako.

Nyaraka nilizotayarisha ni leseni ya nyumbani, kibali cha kimataifa cha udereva (Kenya hutolewa na AA, chama cha wenye magari) na kadi ya mkopo ya plastiki yenye jina la dereva mwenyewe. Kadi ya kwenye simu haishikilii dhamana kaunta. Magari mengi ni ya gia za mkono. Otomatiki iombe mapema na ujiandae kulipa zaidi.

Kwa dereva wa Kenya, Tanzania au Uganda, upande wa kulia wenyewe unazoeleka upesi kwenye barabara yenye magari. Hatari iko pale unapotoka sheli asubuhi na barabara ni tupu: mkono unavuta kushoto. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume na saa, na unawapisha wanaotoka kushoto kwako. Halafu, kwa kuwa umekaa kushoto, gari linasogea kulia bila wewe kujua, na kioo cha pembeni ndicho kinacholipa.

Kwenye A1 unachukua tiketi getini na kulipa unapotoka. Ukiipoteza, unatozwa kama uliyeingia kwenye geti la mbali zaidi. Njia ya manjano ya Telepass, ya magari yenye kifaa cha kulipia ada, usiiingie. Ukijikuta humo, usirudi nyuma, bonyeza kitufe cha msaada. Barabara ya Firenze hadi Siena haina ada, ila ina kamera za mwendo na vikomo vinavyobadilika. Kwenye mafuta, "benzina" ni petroli, "gasolio" ni dizeli, na pampu ya "servito", ya kuhudumiwa, ni ghali kuliko ya kujihudumia.

Wakati wa kurudisha gari, piga picha rimu zote nne, bampa, paa na geji ya mafuta, hata kama ofisi imefungwa na unaacha funguo kwenye sanduku.

Mwisho kuna migomo, "sciopero", ambayo hutangazwa mapema. Treni za mikoani siku za kazi zina saa zinazolindwa: saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Za masafa marefu zina orodha ya treni zitakazotembea. Ikiangukia siku yako, hamishia safari ndani ya saa hizo kabla wengine hawajajaza viti.