Maji Yanayoitikia Mkono

Tangu tarehe 16 Oktoba 2023, siku ambayo kivutio kiitwacho Journey of Water kilifunguliwa rasmi katika EPCOT, bustani ya burudani ya kampuni ya Disney huko Florida, Marekani, mashabiki wa bustani za burudani wamekuwa wakibishana juu ya jambo ambalo kwetu sisi wa Jinja, Uganda, linashangaza kidogo: je, kutembea kando ya maji, kuyagusa na kuyatazama, ni burudani kamili, au ni kupita njia tu ukielekea kwenye burudani yenyewe?

Mimi ni mmoja wa mashabiki hao, ingawa Florida sijawahi kuikanyaga. Nilikulia Walukuba, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, ambako watu wa kila kabila walikutana na Kiswahili kikawa lugha ya uani na ya mpirani. Nilichojua kuhusu bustani kubwa za ng'ambo kilitoka katika kalenda na, baadaye, katika simu. Kisha mdogo wangu wa kike akaenda Marekani kufanya kazi ya kuwatunza wazee, akapata mtoto wa kiume, na akaanza kunitumia video za kila mahali wanapokwenda. Hizo ndizo nilizozitazama kwanza. Maoni ya mashabiki wengine nimeyasoma na kuyasikiliza kwa muda mrefu kuliko ambavyo ningependa mke wangu ajue, hasa ukizingatia bei ya bando.

Kwa asiyekifahamu, kivutio hiki ni njia ya kutembea kwa miguu. Hakuna kiti, hakuna mkanda, hakuna kijiti cha kupimia urefu wa mtoto langoni. Mgeni anaingia kati ya miamba na mimea, kisha anafuata safari ya maji tangu yanapodondoka kutoka mawinguni, yanapokuwa kijito, yanapokuwa mto na ziwa, hadi yanapofika baharini na kupanda tena angani. Mandhari yake imetokana na filamu ya Moana ya mwaka 2016, ambamo bahari ni mhusika mwenye hiari yake mwenyewe, na ndiyo maana maji ya njiani humo yana vitimbi: mahali pamoja ukiinua mkono, maji yaliyo mbele yako nayo yanainuka, pengine yanashuka kama nyuzi za kinubi, na ukizikata kwa kiganja unasikia muziki, pengine tena yanaruka kutoka jiwe hadi jiwe kama panzi. Mwishoni inakungoja sanamu ya Te Fiti, mungu wa kike wa kisiwa, yenye urefu wa futi 16, yaani karibu meta tano, ikiwa imevikwa majani.

Lalamiko linalosikika zaidi ni kwamba hiki si cha kupanda. Walioliinua wanakumbusha kwamba kilitangazwa mwaka 2019, kwamba janga la korona liliwachelewesha wajenzi, na kwamba baada ya kungoja miaka minne walitarajia walau mashua. Isitoshe, bustani hiyohiyo ilifungua mwaka 2022 treni la mchezo la Guardians of the Galaxy, ambalo hukurusha kinyumenyume gizani, na mtu anayeshuka humo akiwa na roho mkononi, kisha akaambiwa aende akayapungie maji mkono, bila shaka ataona amepelekwa chekechea. Namwelewa. Tiketi ya siku moja ya EPCOT inazidi dola 100, ambazo kwa shilingi zetu ni zaidi ya laki tatu na nusu, na mtu aliyelipa fedha hizo ana haki ya kuuliza anapata nini.

Hata hivyo sikubaliani naye, na aliyenisaidia kujua kwa nini sikubaliani ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akiongoza boti za mpira za watalii katika mikondo mikali ya Nile chini ya Jinja. Jumapili moja nilimwonyesha video hizo, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Sanamu hakuijali. Kinubi alikiita mchezo wa watoto. Lakini yalipofika yale maji yanayoruka aliniomba nirudishe nyuma, kisha nirudishe tena, mara nne, huku amesogeza uso karibu na kioo cha simu kama anayesoma maandishi madogo ya dawa.

"Hayana povu," akasema. "Haya maji hayana hewa ndani yake."

Ni mtu wa mtoni tu angeanzia hapo. Kwa nahodha wa boti, povu ndilo herufi za mto: palipo weupe pana jiwe chini, au shimo linalozungusha maji, na maji yaliyojaa hewa ni mepesi, kiasi kwamba hata jaketi la kuelea halikushiki humo kama linavyokushika mahali palipotulia. Kazi yake yote ni kusoma msukosuko. Na mtindo wa maji yale ya Florida ni kuuondoa msukosuko kabisa. Maji ya kawaida yakitoka bombani husukumana, mengine yanakimbia, mengine yanazunguka, ndiyo maana hutawanyika. Mafundi huyapitisha kwanza katika vijia vyembamba vingi vilivyolala sambamba, mfano wa fungu la mirija ya soda, ili kila tone liende upande mmoja na kwa mwendo mmoja, kisha huyatoa kwenye tundu lenye ukingo mkali. Yanayotoka hapo huonekana kama fimbo ya kioo iliyopinda. Ukiikata fimbo hiyo kwa ghafla unapata kipande kinachosafiri hewani peke yake, na ukiiwekea taa kwenye shina lake, mwanga husafiri ndani yake hadi ncha. Nilipomweleza hayo, shemeji alinyamaza, kisha akasema kwamba huyo aliyebuni jambo hilo lazima aliwahi kuumizwa na mto.

Mashabiki wa zamani wa EPCOT watamjibu kwamba maji yarukayo si mapya. Nao wana haki, kwa maana chemchemi za namna hiyo zilikuwapo mbele ya banda la Imagination katika bustani hiyohiyo tangu miaka ya mwanzo ya 1980, zikiwa kazi ya Mark Fuller, ambaye baadaye alianzisha pamoja na wenzake kampuni ya WET na kutengeneza chemchemi mashuhuri za hoteli ya Bellagio, Las Vegas, zilizofunguliwa mwaka 1998. Kundi hili la wazee, kama ningeruhusiwa kuwaita hivyo, lina kinyongo cha pili pia: bustani ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982 kwa ahadi ya kufundisha sayansi na tamaduni za dunia, na tangu hapo wahusika wa filamu wamekuwa wakiingia banda kwa banda, hadi mwaka 2016 safari ya mashua ya banda la Norway ikageuzwa kuwa ya filamu ya Frozen. Nilidhani wangelikataa jambo la Moana kwa kauli moja. Kinyume chake, wengi wao ndio waliolipokea vizuri, kwa sababu ukiondoa jina la filamu kinachobaki ni somo la mzunguko wa maji, na hilo lingefaa kabisa katika EPCOT ya mwaka 1982. Ni wale vijana wa treni za kasi ndio wanaonuna.

Sasa nirudi kwenye swali la iwapo kutazama maji ni burudani. Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa akitupeleka kwenye maporomoko ya Bujagali, katika Nile, siku za sikukuu. Hapakuwa na chochote cha kupanda. Palikuwa na majani ya kukalia, moshi wa nyama, na mto wenyewe ukiporomoka mbele yako kwa sauti iliyowalazimu watu wazima kupiga kelele ili wasikilizane. Vijana wa pale walikuwa wakijitosa juu ya maporomoko wakiwa wamekumbatia jerikeni la manjano lililofungwa kifuniko, wanapotea katika povu, sisi tunashika pumzi, kisha jerikeni linaibuka upande wa chini na mkono ukiwa umelishikilia, na watalii wanatoa noti. Ilikuwa kazi ya hatari, na kulikuwa na waliozama. Lakini hata siku ambayo hakuna kijana aliyejitosa, watu walikaa pale saa nzima bila kumdai mtu kiti wala mkanda. Kwa Basoga, wenyeji wa eneo hilo, mahali hapo palikuwa zaidi ya mandhari, kwani ni makao ya roho ya Budhagaali. Mwaka 2011 maji ya bwawa jipya yalipanda na kuyafunika maporomoko hayo, na mwaka uliofuata bwawa la megawati 250 likazinduliwa. Umeme tunautumia, hata sasa naandika kwa huo umeme. Ila ukiniambia kwamba kivutio kisicho na chombo cha kupanda si kivutio, nakumbuka majani yale.

Tofauti ipo, nami siifichi. Bujagali haikumwitikia mtu. Ungeweza kuinua mkono hadi jioni na mto usingekujali, na labda hapo ndipo uzuri wake ulipokuwa. Kule Florida wamejenga kinyume chake, maji yanayokujua kwamba umefika. Vihisi vinaona kiganja, valvu zinafunguka, na maji yanatii. Mashabiki wengine wanasema hili ndilo linalowachosha, kwa kuwa ukishaelewa mbinu hakuna la ziada. Nadhani wanazungumza kama watu wazima waliopita pale wakiwa na haraka ya kuwahi foleni nyingine.

Kuhusu kivuli sina ubishi. Njia hii iko wazi kwa sehemu kubwa, jua la Florida la mchana halina huruma, na karibu kila mtu niliyemsoma, awe amekipenda kivutio au amekichukia, anashauri kwenda baada ya jua kutua, taa zinapowashwa na ile mishipa ya maji inapong'aa kwa ndani. Wazazi huongeza nguo za pili kwa watoto. Ushauri huo wa nguo, ukizingatia kwamba jambo lenyewe linaitwa safari ya maji, nashangaa kwamba kuna waliohitaji kupewa.

Mama, aliyekuwa amekaa kando siku ile ya Jumapili akichambua maharage, alikuwa na maswali mawili tu. La kwanza, maji yale yote yanakwenda wapi. Nikamweleza kwamba chemchemi za bustani kwa kawaida huzungusha maji yaleyale, yanasafishwa na kurudishwa juu, tofauti na ya kwetu, ambayo kibao pale kwenye Chanzo cha Nile kinawaambia wageni kwamba huchukua miezi mitatu kufika Bahari ya Kati. La pili, iwapo kuna mtu anaruhusiwa kufulia humo. Shemeji alicheka hadi akamwaga chai.

Video ya mwisho tuliyoitazama siku hiyo ilikuwa ya mpwa wangu, mwenye umri wa miaka sita, pale mahali pa kuinua mkono. Anauinua, maji yanapanda. Anaushusha, yanashuka. Anaangalia kushoto na kulia kama mtu aliyeokota pesa. Halafu anauficha mkono mgongoni, anainama kidogo, anayachungulia maji kwa jicho moja ili aone kama yatamgundua, na hapo ndipo sauti ya mama yake inasikika ikimwambia kwamba kuna watu nyuma yao wanangoja. Yeye hasogei.