Nilivyofundisha milima ya Tibesti kwa mawe ya Goma

Vitabu vya jiografia tulivyo navyo shuleni vinaonyesha jangwa kwa picha moja: mchanga, ngamia, mitende miwili mitatu. Mwanafunzi wa Goma anaikariri, anajibu mtihani, anaisahau. Mimi niliamua kuingilia mlango mwingine. Nilichagua Tibesti, kaskazini mwa Chad, milima ya volkano iliyosimama katikati ya Sahara. Volkano hapa haihitaji utangulizi. Kuta za shule zenyewe tumezijenga kwa mawe yake.

Nilianza na urefu. Nyiragongo, volkano ya hapa kwetu Goma, ina mita 3,470 hivi. Emi Koussi, kilele kirefu kuliko vyote katika Sahara, nacho kimepita mita 3,400. Darasa likaamka. Kumbe jangwani kuna mlima wa kushindana na wetu! Picha za setilaiti nilikuwa nimezihifadhi kwenye simu usiku, maana mtandao wa mchana hauaminiki, na simu ikapita dawati kwa dawati. Iliyowashangaza zaidi ni Trou au Natron, shimo lenye upana wa kilomita kadhaa na kina cha mamia ya mita, ambalo sakafu yake ni nyeupe kwa magadi. Mashimo ya aina hiyo hutokea volkano ikishamwaga kilichokuwa tumboni mwake: kilele kinakosa kitu cha kukishikilia, kinaporomoka ndani.

Kwa nini moto uko huko? Sisi tunaishi kwenye bonde la ufa, mahali ambapo Afrika inapasuka polepole. Tibesti iko mbali na ufa wowote wa namna hiyo. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mwamba wa moto ulipanda kutoka chini sana, ukaliinua gamba la dunia hapo likavimba, kisha volkano zikatoboa kwa mamilioni ya miaka. Sehemu hii niliipita haraka. Mishale ubaoni haimwambii mtoto mengi.

Muda wangu niliutumia kwenye maji. Nilileta mabeseni mawili, moja la udongo wa mfinyanzi, jingine la mawe ya lava yaliyopondwa ambayo mafundi wanauza kando ya barabara. Nikamimina maji kiasi kilekile. Kwenye udongo yalituama juu. Kwenye lava yalitoweka papo hapo. Msichana mmoja wa mbele akasema, “Mwalimu, ndiyo maana mtaani kwetu mvua inanyesha kila mara na mto hakuna.” Hakuna aliyebisha, kwa sababu kila mmoja ameshabeba bidoni, yaani dumu la maji, kutoka ziwani, au ameona chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zikipita zimejaa bidoni za manjano.

Kutoka hapo swali lilikuja lenyewe: kama sisi wenye mvua tunahangaika, watu wa Tibesti wanakunywa nini? Mvua kwao ni adimu. Ikinyesha, maji yanashuka kwa mabonde makavu, yanajificha chini ya mchanga au yanabaki kwenye mabwawa ya mwambani. Wateda, tawi la Watoubou, wameishi kwa kuyajua mabwawa hayo na visima, wakifuga ngamia na mbuzi na kulima mitende penye maji, kama Bardaï. Mgeni asiyejua maji yako wapi hafiki mbali. Mjerumani Gustav Nachtigal alifika Bardaï mwaka 1869, wenyeji wakamzuia, na alitoroka kwa shida.

Lakini haikuwa hivyo siku zote. Miaka kama 11,000 hadi 5,000 iliyopita Sahara ilikuwa na majani. Lile shimo la magadi lilikuwa na ziwa, na watu walichora na kuchonga ng'ombe, twiga na tembo kwenye miamba. Hapo mvulana mmoja aliuliza kama ng'ombe hao walikuwa na pembe ndefu kama wa Masisi, eneo la wafugaji hapa kwetu. Tulibishana hadi kengele.

Historia ya karibuni niliiweka kipindi cha pili. Libya iliukalia ukanda wa Aouzou, kaskazini mwa Tibesti, mwaka 1973. Vita vikafuata, na tarehe 3 Februari 1994 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kuwa ukanda huo ni wa Chad. Kisha, katika miaka ya 2010, ikaonekana dhahabu, wachimbaji wakamiminika, bunduki nazo. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu dhahabu na bunduki. Sikuyatumia, darasa la Kivu Kaskazini, mkoa wetu unaojua madini na vita, lilinitangulia, likayaeleza vizuri kuliko daftari langu.

Wiki ijayo ni zamu ya Ennedi, kusini-mashariki mwa Tibesti. Huko ni mawe ya mchanga, siyo lava, na kwenye bwawa la Archei bado wamo mamba. Picha zao nimeshazihifadhi kwenye simu.