Sauti za Tena na Besi Zisikimbie Pamoja

Dada yangu amenipigia simu akiwaka. Binti yake ni wa lile kundi la kwanza la Gredi ya 10 ya mtaala mpya, mwaka huu wa 2026, na amechagua mkondo wa Sanaa na Michezo, Muziki ukiwemo. "Sasa wewe niambie, ataenda kufanya nini nao? Kuimba si anaimba hata akiosha vyombo?" Kaniuliza mimi kwa sababu kwetu ni mimi tu niliyefanya Muziki kwenye KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari. Salio likamwishia kabla sijajibu, basi namjibu hapa.

Dada, kuimba ndiyo sehemu ndogo. Sisi wa mfumo wa 8-4-4 tulikuwa na karatasi tatu: ya vitendo, ya kusikiliza, na ya kuandika. Wengi waliingia wakidhani ni somo la kupumzikia, na ile ya kusikiliza ikawanyoosha. Rekodi inachezwa, inarudiwa, kisha kimya. Wewe na penseli yako uandike mdundo uliousikia, uandike sauti zilivyopanda na kushuka, useme kama ule mstari umefika nyumbani au umeachwa ukining'inia. Mimi nilifanyia mazoezi honi za matatu pale Jogoo Road, Nairobi. Hiyo imetoka so ikashuka mi. Hiyo nyingine haina jina duniani.

Kilichonikalia moyoni zaidi ni kupanga sauti nne. Nilikuwa nimetoka kwaya ya kanisa, besi, ile sauti ya chini kabisa, na kwetu besi hufundishwa kwa sikio: msikilize mwimbaji wa tena, yaani sauti ya kiume ya juu, mfuate kwa chini. Nikapanga wimbo wangu wa kwanza hivyo hivyo. Mwalimu akauzungushia duara nyekundu kila mahali. Sauti mbili zilizoachana kwa noti tano, au kwa nane, haziruhusiwi kupanda au kushuka pamoja zikiwa zimeachana vivyo hivyo. Nikabisha: Jumapili tunaimba hivyo na watu wanatoa machozi! Akanikalisha kwenye piano ya shule, ile yenye meno mawili yaliyokufa, akapiga mpango wangu kisha akapiga wake. Ni kweli, wangu ulikuwa na waimbaji wanne lakini ulisikika kama wa watatu. Besi amemezwa na tena. Wake, kila mtu alikuwa na njia yake.

Sikuacha kuimba kikanisa. Mwalimu mwenyewe alisema hiyo ni sheria ya akina Bach, wale watunzi wa zamani wa Ulaya, na kila nyumba ina sheria zake. Tulipofika kwenye orutu, kile chombo cha Waluo chenye waya mmoja, mpigaji anaifuata sauti ya mwimbaji bega kwa bega na hapo ndipo utamu ulipo. Nani atamzungushia duara nyekundu? Na nyatiti: nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ubao wa chombo, njuga mguuni, mdomo unaimba. Mtu mmoja, kazi nne. Sisi tulikuwa tumekariri sehemu zake kutoka kwenye mchoro wenye mishale, mpaka mwalimu akamwalika mzee mmoja akaja kutupigia darasani. Mchoro ule sikuutazama tena.

Sasa swali lako la riziki. Muziki haukuniahidi pesa, na sitakudanganya kwamba utamwahidi yeye. Katika darasa letu mmoja anapiga tarumbeta katika bendi ya polisi, mmoja anafundisha, wengine wako benki na hawajagusa noti zaidi ya zile za shilingi. Mimi nahariri sauti za matangazo ya redio. Mtangazaji akivuta pumzi katikati ya neno naisikia kabla ya mteja, na hilo nalipwa.

Mtihani wake hautafanana na wetu, kwa hiyo asikariri maswali yangu. Kibodi usinunue bado. Kama ni piano anayotaka, kuna Kenya Conservatoire of Music hapa mjini, wapo tangu 1944. Aanze huko aone kama anaiweza. Kama sivyo, sauti yake ni chombo tosha, na chivoti, ile filimbi, au nyatiti pia ni chombo. Mnunulie daftari lenye mistari mitano na kifutio kizuri. Kifutio kizuri, dada, nasisitiza. Na akianza kurudia mstari mmoja wa wimbo jioni nzima pale jikoni, usimfokee. Anafanya homuweki.